Wapagazi wa Vita Kuu wapewe jiwe lao Mnazi Mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie deni ambalo jiji la Dar es Salaam halijalilipa kwa zaidi ya miaka 100, nalo ni deni la kuwakumbuka wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu waliobeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaliyopigana hapa kwetu.

Kila apitaye Posta anaifahamu Sanamu ya Askari, katika makutano ya Samora na Azikiwe. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipowahi kusimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Maandishi yake, yaliyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati za Kirumi na za Kiarabu, yanawataja askari wa Kiafrika pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeyasoma mara nyingi, na nimeizunguka sanamu ile nikitafuta jina hata moja la mpagazi. Halipo.

Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu wa jeshi, reli hazikufika kwenye mapigano, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake uliwatumikisha wapagazi zaidi ya 400,000, na kwa kumbukumbu za jeshi lenyewe takriban 95,000 kati yao walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa malaria, kuhara damu na njaa. Wajerumani nao waliwakamata watu wetu kwa nguvu vijijini. Bibi yangu, mzaliwa wa Uluguru, hakuacha kumtaja ndugu wa baba yake aliyechukuliwa akiwa kijana. Hakurudi, wala hapakuwa na kaburi ambalo ndugu wangeweza kulizuru.

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko ni jambo jema, lakini ni wa kwetu waliokufa, na haifai tukae kungoja wageni watuletee majina ya babu zetu.

Ninapendekeza jiwe la wapagazi lisimamishwe katika bustani ya Mnazi Mmoja. Atokaye Posta kwenda Kariakoo hupita hapo, na Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kilichowekwa pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maelfu hulitamka jina hilo kila siku bila kujua linamtaja nani. Halmashauri ya Jiji itenge mahali, na ofisi za wilaya, hasa za Morogoro, Rufiji na Lindi ambako vita vilipita, zifungue daftari la kuandikisha majina yanayohifadhiwa na familia wakati wazee wenye kuyakumbuka wangali hai. Jiwe liachiwe nafasi, ili kila jina linalothibitishwa liongezwe.

Familia yetu ina jina moja la kuanzia, na niko tayari kulipeleka siku daftari hilo litakapofunguliwa.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam