Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuinyima Mizabibu Maji Kabla ya Mavuno

Ndugu wanachama, mbukwenyi!

Habari za ada, mikopo na matengenezo ya ghala mmezisikia kwa Mweka Hazina, nami sina la kuongeza ila kuwashukuru waliolipa mapema. Muda wangu naomba niutumie kwa jambo moja lililotugawa mwaka mzima, kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi, hapa kwetu Dodoma. Je, mzabibu ukiachwa na kiu siku za mwisho kabla ya kuvuna unatoa zabibu bora zaidi?

Wapo wenzetu waliofunga koki kabisa kuelekea mavuno ya kiangazi, kwa sababu waliambiwa kwamba mmea ukiteseka hujihami kwa kutengeneza sukari na rangi nyingi. Wengine walipewa mfano wa bangi, kwamba huko ilikoruhusiwa wakulima huinyima maji ili itoe utomvu mwingi. Hapa kwetu bangi imekatazwa na sheria na chama hiki hakihusiki nayo. Lakini mfano ukitumika kutushawishi, ni haki yenu kujua unasema nini hasa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walieleza jaribio lao la bangi. Mimea yao ilikuwa ndani ya vyungu, ikanyimwa maji mara moja tu, kuanzia wiki ya saba ya maua, mpaka majani yalipolegea kwa kiasi walichokipima. Viambata vikuu viwili vya utomvu wake viliongezeka kwa takriban asilimia 12 na 13. Mwaka 2021 wenzao wa Cornell, Marekani, walichapisha majaribio ya mateso ya aina nyingine kwenye hemp, yaani bangi isiyolevya: mafuriko, majeraha, ugonjwa wa ubwiri unga, dawa ya magugu. Viambata havikuongezeka, na mimea iliyopigwa dawa ya magugu ilitoa vichache zaidi. Kwa hiyo hata huko mateso matupu hayasaidii. Kiu iliyopimwa, kwa wakati wake, ndiyo iliyoleta kitu, na hilo ndilo linalokosekana tukifunga koki kwa kukisia.

Sasa tuje kwenye zabibu, maana hapa elimu ipo na ni ya miaka mingi. Australia walianza kupunguzia miti ya matunda maji kwa mpango tangu miaka ya 1970, kwanza kwenye pichi na peasi, baadaye kwenye mizabibu. Mizizi ikikosa maji hupeleka ishara ya kikemikali kwenye majani, nayo majani hufunga vitundu vyake vya kupitishia hewa. Ishara hiyo ikifika kwenye punje zinazobadilika rangi, huchochea ganda litengeneze rangi zaidi. Tena kiu ikija mapema, baada ya punje kushika na kabla hazijaanza kulainika, punje hubaki ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi kuliko maji yake. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu vinatoka kwenye ganda hilo. Faida ipo, na walioitaja hawakusema uongo.

Lakini vitundu vile vile vya majani ndivyo vinavyoingiza hewa ya kutengenezea sukari. Vikifungwa kwa muda mrefu, kiwanda kimesimama. Majani yakianza kuwa ya njano na kuanguka, vichala vinapigwa na jua la Dodoma moja kwa moja, na joto kali huipunguza rangi ile ile tuliyoitafuta. Ndipo mkulima anapima, anaona briksi, yaani kipimo cha sukari, zimepanda, anafurahi. Chukua hesabu ya mfano tu: kilo 100 za zabibu zenye briksi 20 zikinyauka na kupoteza kilo 10 za maji, zitasoma kama briksi 22. Sukari haijaongezeka hata chembe, isipokuwa maji yamepungua, na kilo 10 zimepotea. Wanunuzi wengi wanatulipa kwa kilo. Inaniuma kuona mkulima anabeba hasara ya uzito huku faida ya ubora, kama ipo, ikienda kwa mwingine.

Aina nayo ina uzito wake. Nilichoeleza juu ya rangi kinahusu nyekundu, yaani Makutupora nyekundu na Syrah. Chenin Blanc ni zabibu nyeupe, haitafutiwi rangi. Kiu kali na jua huiondolea uchachu na harufu nzuri inayoifanya itafutwe, basi mwenye Chenin Blanc asiguse koki yake kwa ajili ya maneno haya. Na ardhi hazifanani: kwenye kichanga mzabibu unazidiwa ndani ya siku chache, kwenye tifutifu unavumilia. Jirani yako akifanikiwa, tazama udongo wake kwanza. Aliyeukausha mzabibu kisha akaushtukiza kwa maji mengi anajua pia punje zinavyopasuka na kuoza.

Mavuno ya Machi hayahusiki, kwa sababu masika yanaamua yenyewe na kazi yetu wakati huo ni kupambana na ubwiri. Suala hili ni la mavuno ya Agosti na Septemba, yanayotegemea visima na umwagiliaji wa matone. Hapo naona sababu nyingine ya kupunguza maji kwa busara, nayo ni maji yenyewe. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na bonde la Makutupora linalotegemewa na wakulima ndilo linalonywesha jiji linalokua kila siku tangu Serikali ihamie hapa. Tone linaloweza kubaki kisimani bila kuumiza zao lina thamani.

Kamati inapendekeza mambo matatu, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Kwanza, asiwepo mwanachama wa kufunga koki kabisa. Anayetaka kujaribu apunguze maji kiasi kwenye mistari michache ya zabibu nyekundu, aache mistari ya pembeni ikinywa kama kawaida, na apime vyote viwili, briksi na kilo. Pili, tuwaombe wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Makutupora watuelekeze namna ya kusoma udongo na majani kabla ya kupunguza. Tatu, tusimwombe mkulima apunguze kilo mpaka tuwe na mkataba wa bei inayofuata ubora. Mpaka hapo, wenye vyombo vya kukamulia wanaweza kujaribu kwa zabibu zinazokwenda kwenye mchuzi wao wenyewe, yaani maji ya zabibu wanayoyakamua.

Wanaotaka kushiriki waandikishe majina kwa Katibu leo, kabla hatujaanza kupogoa kwa ajili ya mavuno ya kiangazi, wakitaja aina ya zabibu, udongo na chanzo cha maji. Naomba hoja ijadiliwe.