Mikopo ya halmashauri imfikie na fundi mbunifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ujasiriamali bunifu na uchumi wa taifa, mjadala ambao siku hizi umetawaliwa na habari za programu za simu huku karakana za mafundi zikitajwa kwa nadra.

Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa mkoani Arusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Haikuhitaji umeme wala dizeli: mtu alivuta wenzo mrefu, pistoni ikazikandamiza mbegu ndani ya silinda yenye matundu, na mafuta yakachuruzika. Mashine hiyo ilisumbuliwa na mbegu zenye ganda gumu, ikataka zenye ganda laini na mafuta mengi, kama aina ya alizeti iitwayo Record. Kwa hiyo kila ilipoingia kijijini iliita na mbegu yake: mkulima akapata mnunuzi wa karibu, mkamuaji akapata mafuta ya kuuza, mfugaji akapata mashudu, na mafundi wa kuchomelea wakapata kazi. Fedha ambayo ingelipia mafuta ya mawese kutoka nje ikabaki ikizunguka wilayani. Hivyo ndivyo ubunifu unavyougusa uchumi wa nchi, na tuzo wala maonesho havikuhusika sana.

Leo hapa Singida mashine nyingi ni za injini au umeme, na adui yake mkubwa ni mchanga unaokuja na alizeti iliyoanikwa chini, ambao huila parafujo ya kukamulia. Fundi mmoja ninayemfahamu huijaza parafujo iliyolika kwa kuchomelea kisha huipeleka ikakerezwe kwa mwingine, kwani yeye hana kerezo, yaani mashine ya kuchonga vyuma. Kwa kuchoshwa na ugonjwa ule ule, alibuni chekecheke la kufungwa mdomoni mwa mashine. Wakamuaji wanalitaka, lakini hutengeneza moja moja, kadiri mteja anavyotanguliza fedha ya chuma. Benki inamdai hati ya nyumba, naye hana.

Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 kutokana na kasoro zake, vikundi hewa vikiwamo, ikarejeshwa 2024. Siibezi hata kidogo. Ila kwa sehemu kubwa hutolewa kwa vikundi, na vikundi hukimbilia biashara ambazo tayari zipo kila mtaa. Bodaboda inalisha familia, sikatai. Lakini bodaboda ya ishirini katika kijiwe kimoja hugawana abiria wale wale, wakati karakana yenye kerezo huwapunguzia gharama wakamuaji wote wa wilaya. Fundi wa miaka 50, asiye na kikundi wala ulemavu, hana dirisha la kugonga.

Pendekezo langu ni kwamba Bunge liirekebishe Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ili sehemu ya marejesho ya mikopo hiyo iende kwenye karakana, ikitolewa kama mashine badala ya fedha taslimu, na SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, lililopo tangu 1973 na lenye ofisi mikoani, lithibitishe kwanza kwamba kifaa cha mwombaji kinafanya kazi na kina wanunuzi. Mashine yenyewe iwe dhamana mpaka deni liishe.

Msomaji wenu,
Singida