Madirisha mawili yasiyosalimiana

Mhariri,

Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa huku Njoro, Kaunti ya Nakuru. Programu ya kompyuta tuliyouziwa ina madirisha mawili: moja la kupokea maziwa, jingine la malipo. Namtafuta mkulima kwa nambari yake, naandika lita 14, kisha nafungua dirisha la malipo na kukuta kila kisanduku kitupu. Basi naiandika nambari kwenye kiganja (karatasi huloa maziwa) na kuichapa upya. Mwezi jana nilichapa 0417 badala ya 0471, mama mmoja akalipwa maziwa ya jirani. Pesa alizirudisha, lakini maneno niliyoambiwa na jirani huyo siyasahau.

Fundi alisema eti ndivyo kompyuta zilivyo. Sivyo! Mpwa wangu anayesomea kuunda programu alinieleza kwamba dirisha la kwanza linaweza kulikabidhi la pili nambari ya mkulima linapolifungua, nalo la pili likasoma jina na lita kutoka hifadhidata (ghala la rekodi zote) ile ile. Malipo yakikamilika, la pili hulijulisha la kwanza ili orodha ijisahihishe. Inayopita ni nambari tu. Ukibeba rekodi nzima unakuwa na nakala mbili, na zikitofautiana hujui uamini ipi.

Nawaomba wanaotuundia programu waje waketi nasi asubuhi moja tu, saa kumi na mbili, foleni ikiwa imefika barabarani.

Karani wa maziwa,
Njoro, Nakuru