Pumzi 48

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Watu watano wa kundi lenu la kujisomea mmekesha hadi saa nane usiku, na wote mmekosa swali moja. Nimelinakili hapa kwenye karatasi: mtoto wa miaka 2, homa siku tatu, anakohoa, kipimo cha malaria hakioneshi kitu, pumzi 48 kwa dakika. Ninyi mkabishania dozi ya dawa mseto kulingana na uzito wake, na hesabu mkaipata sawasawa. Lakini nani alisema ni malaria? Mmoja alianza, wengine mkafuata. Ile 48 ilikuwa mbele ya macho yenu, na kwa mtoto wa umri ule, pumzi zikifika 40 tu tayari unafikiria nimonia.

Sikulaumu, mama. Nimevaa sare ya uuguzi miaka mingi na nimekosea makubwa kuliko hayo. Bibi yako alipougua vidonda vya tumbo, mimi ndiye niliyemkataza maharage na pilipili, nikamwambia apunguze mawazo. Zahanati nzima tulisema hivyohivyo, basi wingi wetu tukaufanya ushahidi. Akateseka miaka.

Kumbe huko Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walikuwa wameshaona bakteria kwenye sampuli za matumbo ya wagonjwa. Wenzao waliamini hakuna mdudu anayeweza kuishi kwenye asidi kali vile. Walipojaribu kuwaotesha maabara, hawakuota. Utaratibu ulikuwa kwamba sahani isiyoota kitu kwa siku mbili inatupwa. Ikaja Pasaka ya 1982, sahani zikabaki humo sikukuu nzima, na watu waliporudi kazini wakakuta bakteria wameota! Ni wadudu wanaokua polepole tu.

Hizo siku mbili huwa nazifikiria sana. Hazikupangwa na mjinga. Kwa wadudu wengine zilitosha, ndiyo maana hakuna aliyezihoji. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe kuonesha kwamba ndio wanaoleta ugonjwa, akaumwa tumbo kweli, na 2005 yeye na Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Bibi yako naye, kipimo kilipofika kwetu, akapewa antibayotiki za wiki mbili, akapona.

Kundi lenu ni zuri, usilikimbie. Ila naona mnaharakisha kukubaliana, na aliyesoma sana akishasema, wengine mnamsaidia kujenga juu ya alichosema. Jumamosi mkikutana, kabla hamjagusa jibu, kila mtu aandike kimyakimya kile anachokichukulia kuwa kweli ambacho swali halijakisema. Halafu msome kwa sauti, na yule mwenzenu mpole asiyependa kuongea ndiye aanze.

Nitasubiri uniambie aliandika nini.

Mama yako.