Jumamosi: tumehamia Ngara

Hamjambo wasanii? Poleni na mvua.

Hatutachorea tena Arboretum. Tukutane Ngara, pale pa kawaida, saa nne asubuhi hadi saa saba.

1. Mchango ni shilingi 200, za chai na mandazi. Mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi jioni.

2. Njoo na tableti au laptopu yenye chaji. Asiye na programu ya kuchorea apakue Krita, ni ya bure.

3. Leta picha ya milima ya Ngong iliyopigwa asubuhi. Utaona safu za mbali zinapauka na kuelekea samawati. Kila safu tutaipa tabaka lake (layer) kwenye programu, kisha katikati ya tabaka na tabaka tupitishe brashi laini yenye rangi hafifu. Hapo ukungu unatokea wenyewe. Brashi za kukwaruza, za nyasi na mawe, zibaki mbele tu. Najua zinavutia (wengine wenu huzimwaga hadi mawinguni!) lakini zinaua umbali wote.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO kufikia Jumatano usiku, nijue idadi ya viti. Na nani ana ekstensheni ya ziada?