Barua kwa Mama Amani: orodha ya makabila sikuandikii

Bukavu, Nguba

Mama Amani mpendwa,

Jambo sana, dada. Huku sote wazima, ila mvua imetushika na njia ya kupanda Kadutu imekuwa tope tupu. Ujumbe wako niliupata nikiwa zamu ya usiku, nikacheka peke yangu. Yaani wewe uliyekuwa ukisinzia kwenye kozi ya antropolojia ndiye umepewa kufundisha uuguzi na tamaduni kwa wanafunzi wa A1, wale wauguzi wa ngazi ya chuo! Hongera sana. Sasa unataka nikuandikie mila za Bashi, za Barega, za Bahavu, za Bafuliiru na za Babembe, kila kabila na ukurasa wake, uzitie kwenye silabusi.

Orodha hiyo sikuandikii. Usikasirike kwanza, nisikilize.

Mwanafunzi akishakariri kwamba Mushi hufanya hivi na Murega hufanya vile, siku akipokea mgonjwa hatamuuliza kitu. Atasoma jina kwenye fishi, basi, kazi imekwisha. Na sisi wa nchi hii tunajua majina ya makabila yanapoandikwa kwenye karatasi yanaweza kuzaa nini. Ninyi wa Lubumbashi hamjasahau mwaka 1992 na 1993, jinsi Wakasai walivyofukuzwa Katanga. Leo mama wa Kikasai aingie wodini kwenu amkute muuguzi ameshika daftari la tabia za makabila? Mimi ningekuwa yeye ningejifunga kitenge changu na kuondoka.

Najua wakubwa wako watataka uanze na Madeleine Leininger, yule muuguzi wa Marekani aliyeanzisha somo hili. Anza naye, hakuna ubaya. Lakini waambie kwamba yeye mwenyewe alitoka akaenda kuishi na Wagadsup kule Papua New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawa anatazama watu wanavyohudumiana. Katika nadharia yake ninachokitumia kila siku ni hiki: kuna desturi unayoiacha iendelee, kuna unayokaa mkaijadili, na kuna ile unayomsaidia mtu aiache.

Nikupe ya wodi yetu ya lishe. Nyanya mmoja wa upande wa Walungu alileta mjukuu mwenye bwaki, ule utapiamlo mkali wa kuvimba. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki, nywele zimekuwa nyekundu na zinang'oka. Kiunoni mtoto alikuwa na kamba yenye kijiti. Mwanafunzi wa staji akachukua mkasi. Nikamwambia weka chini, kamba ile haigusi sonda, yaani mrija wa kumlishia, wala haizuii maziwa. Ikabaki. Nyanya alikuwa pia na termosi ya maji ya majani, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Hapo tulikaa tukaongea, maana F-75, yale maziwa ya tiba ya utapiamlo, inapimwa kwa mililita kufuatana na uzito, usiku na mchana, na tumbo lile dogo halina nafasi ya kugawana na termosi. Tukapatana amwoshe nayo mikono, kinywani isiingie mpaka daktari aseme.

Kilichobaki kilikuwa lavema ya dawa za miti, yaani maji ya dawa aliyokuwa akimpiga kwa njia ya haja kubwa nyumbani. Hiyo haina mjadala, inammaliza mtoto maji. Lakini hata hapo sikuanza kwa kukataza. Nilimuuliza: "Koko, unafikiri ugonjwa huu umetoka wapi? Unaogopa nini zaidi?" Maswali ya namna hii yaliandikwa na Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili, pamoja na wenzake mwaka 1978, na hayahitaji mashine wala dola. Akanijibu kwamba mtoto aliharibiwa na maziwa ya mama mwenye mimba nyingine, naye alikuwa anamsafisha tumbo ili yatoke. Ukitazama, hesabu yake haiko mbali na yetu: mimba ikaja, mtoto akaachishwa ghafla, akabaki na ugali wa muhogo bila hata maharage. Tukaanzia hapo. Lavema iliachwa bila ugomvi, na baadaye ndiye aliyekuwa akituamsha saa ya maziwa ikifika.

Sasa nikwambie linaloniudhi. Kila tusichokielewa tunakiita mila. Mwanamke akifika maternite amechelewa, utasikia, "Ndivyo walivyo." Ndivyo walivyo vipi? Ametoka kisiwa cha Idjwi, ziwa limechafuka usiku kucha, boti haikuondoka. Au amemwona jirani yake akizuiliwa na kichanga mkononi baada ya kuruhusiwa kutoka, kwa kuwa fakturi haikulipwa. Huo nao ni utamaduni, tena ni wa hospitali. Ningekuwa wewe, ningeandika sura nzima juu ya hospitali kama kabila: lina lugha yake, Kifaransa, lina mavazi yake meupe, lina miiko, lina wazee wasioulizwa kitu. Irihapeti Ramsden, muuguzi Mmaori wa New Zealand, ndiye aliyeligeuza swali hivyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Alitaka muuguzi ajichunguze mwenyewe pamoja na madaraka aliyo nayo, na anayesema kama huduma ilikuwa salama awe mgonjwa. Mpe nafasi kubwa kuliko Leininger, hata kama mkuu wa idara atanuna.

Sahihi ya mume ni mfano mzuri. Mama anahitaji kupasuliwa, na watu wanasimama kumsubiri mume aje kutia sahihi, eti desturi. Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016 iliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mumewe. Anayemng'ang'ania mume ni ofisi yetu, inayotafuta mtu wa kulipa.

Na ukalimani, tafadhali usiusahau. Mama mzee asiyejua Kiswahili wala Kifaransa anatokwa damu ukeni, na anayetafsiri ni mjukuu wake wa kiume wa darasa la sita. Unadhani atasema nini? Atasema tumbo linamuuma. Tafuteni mtu mzima wa jinsia yake, hata kama ni mfagiaji wa wodi, lakini mfundisheni kutunza siri.

Kwa somo kubwa, chukua Ebola ya Kivu na Ituri ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 na kufika hata Mwenga kwetu Kivu Kusini, Agosti 2019. Kuosha maiti wa Ebola ni hatari kweli, hilo halibishaniwi. Lakini mgonjwa alikuwa akiingizwa nyuma ya turubai, ndugu hawamwoni tena, halafu wanapewa mfuko wa maiti. Nani asingefikiri anauawa mle ndani? Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Vile vyumba vya plastiki ya kuonyesha vya ALIMA, lile shirika la matibabu, ambavyo mama anakaa nje akamwona mwanawe na kuongea naye, viliwatuliza watu kuliko vipaza sauti vyote vilivyozunguka mitaani.

Dini nazo ziwe fupi: Shahidi wa Yehova na damu, Mwadventista na nyama ya nguruwe, Mkimbangu na pombe. (Wakumbushe kwamba nabii wao, Simon Kimbangu, alifia kifungoni mjini kwenu, mwaka 1951, baada ya miaka 30.) Lakini hata hapo waulize kwanza. Nina Waadventista ninaowajua, na kambale wanamla, ingawa kanisa lao linamkataza.

Nitumie sura ya kwanza kwa WhatsApp kabla hujaipeleka kupigwa chapa, nami nitakupigia picha ya karatasi ya maswali tuliyoibandika pediatri. Msalimie Papa Amani, na umwambie deni la samaki wa Idjwi nalikumbuka.

Wako,
Mama Ushindi