Ile pete ya jua siyo upinde wa mvua

Mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi ila safari hii mmeniangusha. Ile picha ya jua limezungukwa na duara mmeandika chini yake eti ni upinde wa mvua, jamani mvua yenyewe iko wapi? Siku ile Dar halikudondoka hata tone, mimi nilikuwa kituoni Mbagala, watu wote shingo juu, mama muuza maandazi anasema dunia ndo inaisha, konda anasema ozoni imetoboka, nikijaribu kueleza naambiwa mjuaji.

Upinde wa mvua haukai upande wa jua hata siku moja, kuuona lazima jua uliache mgongoni, ndo maana asubuhi unatokea magharibi na jioni mashariki, na saa sita mchana huuoni kabisa, maana jua likishapanda zaidi ya digrii 42 upinde wote unazama chini. Hii pete ni barafu. Ndiyo, barafu, hapahapa Dar tunapovuja jasho. Yale mawingu mepesi kama utandu wa maziwa yako juu kuliko kilele cha Kilimanjaro, na vile vipande vyake vya barafu vina pande sita kama penseli ya shule, sasa mwanga ukiingia ubavu wa kwanza ukatokea wa tatu unapinda kama digrii 22 hivi, na kwa vile vipande vimejaa kila upande wa jua, wewe uliye chini unaona duara.

Pimeni wenyewe siku nyingine. Nyoosha mkono, panua shubiri, gumba lifunike jua, kile kidole cha mwisho kitafika karibu na pete (ila jua lenyewe usilikodolee, lifiche kwanza nyuma ya nguzo au mnazi, macho hayana spea). Halafu angalieni rangi, kwenye pete nyekundu iko ndani, kwenye upinde iko nje, na picha yenu wenyewe inaonyesha hivyo!! Hata mwezi ukiwa mpevu unaweka pete, tena usiku unaitazama bila shida.

Naomba mrekebishe yale maandishi, maana yule konda kakata picha yenu kaibandika kwenye kioo cha daladala, kila nikipanda ananionyesha kwa kidole, eti gazeti limesema.

Msomaji wenu, Mbagala